Chombo kinaweza kufika Proxima, lakini habari zake zitarudije?

Ukikaa na wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi mkaanza kuzungumza juu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine, swali hili halikawii kuja: kama zimekwisha kuthibitishwa zaidi ya sayari 6,000, mbona hakuna hata chombo kimoja kilichotumwa kuzitazama kwa karibu? Mars imetembelewa mara nyingi, Pluto ilipigwa picha mwaka 2015, hata Jua lenyewe limesogelewa. Jibu la haraka ni kwamba ni mbali. Ni kweli, ila jibu hilo halimfundishi mtu kitu, maana ndani yake kuna matatizo kadhaa yaliyofungwa pamoja, na si yote yenye ugumu sawa. Watu hubishana sana juu ya injini. Mimi naona gumu kuliko yote ni lile lisilozungumzwa sana: chombo kikishafika, kitatuambiaje kilichokiona?

Kwanza umbali wenyewe. Nyota iliyo jirani yetu zaidi baada ya Jua ni Proxima Centauri. Mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua miaka 4.24 kutoka huko hadi hapa. Kwa kilomita ni kama trilioni 40. Mwaka 2016 kundi la wanaastronomia lililoongozwa na Guillem Anglada-Escudé lilitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari, nayo ikaitwa Proxima b. Uzito wake haupungui ule wa Dunia, na mwaka wake ni siku 11 tu, kwa kuwa inazunguka karibu mno na nyota yake. Haijaonekana ikipita mbele ya nyota hiyo, kwa hiyo hata kipenyo chake hakijapimwa. Karibu yote tunayoyajua juu yake yametokana na kupima jinsi nyota inavyoyumba kidogo inapovutwa na sayari. Mtu yeyote anayependa anga akisikia hivyo lazima atamani kuiona.

Sasa tazama chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote. Voyager 1 iliondoka Duniani tarehe 5 Septemba 1977, na mwaka 2012 ikavuka mpaka wa eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua. Inakimbia kilomita 17 kwa sekunde; kwa mwendo huo ungetoka Lubumbashi ukafika Kinshasa kwa dakika moja na nusu. Kama ingeelekezwa Proxima, ingehitaji miaka karibu 75,000. Parker Solar Probe ilifikia kilomita 192 kwa sekunde mnamo Desemba 2024, lakini hiyo ilikuwa inaanguka kuelekea Jua, na mwendo wa kuanguka haukusaidii kuondoka. Hata kama ungeweza kuuhifadhi, ungetumia miaka zaidi ya 6,000.

Kwa nini basi tusitengeneze roketi kubwa zaidi? Hapa ndipo hesabu ya Konstantin Tsiolkovsky, aliyoichapisha mwaka 1903, inapofunga mlango. Fikiria lori linalotoka hapa kwenda Durban kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na njiani hakuna kituo hata kimoja cha mafuta. Litabeba mafuta yote ya safari, kisha mafuta ya kubebea mafuta hayo, kisha mengine ya kubebea hayo ya pili. Roketi iko hivyo. Gesi ya roketi bora ya kemikali hutoka kwa kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Ukitaka kusukuma kilo 1 hadi kilomita 45 kwa sekunde, utaanza na karibu tani 22, mzigo wa lori zima. Ukitaka mwendo mara mbili ya huo, kilomita 90, kilo ile ile itadai tani 485,000. Hayo ni malori zaidi ya 22,000. Yakipangwa foleni, mita 20 kila moja, foleni itakuwa ndefu zaidi ya mara nne ya barabara ya Lubumbashi hadi Kasumbalesa. Na kwa kilomita 90 kwa sekunde bado safari ya Proxima ni miaka 14,000. Mlango wa kemikali umefungwa na hesabu, wala fedha haziufungui.

Katanga si mgeni wa habari hizi za roketi. Mwaka 1977, miezi michache kabla ya Voyager kuruka, kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka uwanda ulio juu ya bonde la Luvua, kaskazini mwa mkoa ulioitwa Shaba wakati huo. Walirusha nyingine mwaka 1978, moja ikashindwa, na mwaka 1979 wakaondoka kwa shinikizo la kisiasa. Wazo lao lilikuwa kufunga pamoja mabomba mengi ya bei nafuu yaliyo sawasawa. Lilikuwa wazo la busara kwa ajili ya setilaiti. Lakini hata mabomba milioni yangebanwa na hesabu ile ile ya Tsiolkovsky.

Mlango wa pili ni nyuklia, na huu nao unapita kwetu. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa Marekani uliotengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kilo moja ya uraniamu 235, viini vyake vikipasuliwa vyote, hutoa nishati zaidi ya mara milioni ya kilo moja ya mafuta ya taa. Kwa hiyo kati ya 1958 na 1965 kikundi cha Ted Taylor na Freeman Dyson kilifanya kazi kwenye mradi wa Orion: chombo kinachodondosha mabomu ya nyuklia nyuma yake, moja baada ya jingine, na mshindo ukakisukuma kupitia sahani nzito yenye springi. Mkataba wa 1963 uliopiga marufuku milipuko ya nyuklia hewani na angani uliuua. Dyson hakukata tamaa. Mwaka 1968 alichapisha hesabu ya chombo cha tani 400,000 kinachotumia mabomu 300,000 ya haidrojeni na kufikia kilomita 10,000 kwa sekunde. Kingefika kwenye nyota za jirani kwa miaka 130.

Kati ya 1973 na 1978 wanachama wa British Interplanetary Society nao walichora Daedalus, chombo cha tani 54,000 kinachoendeshwa kwa kuunganisha viini vya atomu badala ya kuvipasua. Kingefikia asilimia 12 ya mwendo wa mwanga. Tatizo ni kwamba kilihitaji tani 30,000 za heliamu 3, ambayo Duniani ni adimu mno, hata wakapendekeza ikachotwe kwenye hewa ya Jupita. Injini yenyewe hadi leo haijajengwa na mtu yeyote. Naheshimu sana kazi hiyo, kwa sababu walipiga hesabu ya kila kitu hadi uzito wa kinga ya mbele, lakini ni kazi ya karne nyingine.

Mlango wa tatu ni kuiacha injini nyumbani.

Mwanga husukuma. Msukumo wake ni mdogo sana, lakini umethibitishwa kwa vyombo halisi: Wajapani walisafirisha IKAROS kwa tanga la mwanga mwaka 2010, na LightSail 2 ya Planetary Society ilibadilisha mzunguko wake kwa nguvu ya mwanga wa Jua mwaka 2019. Chombo chenye tanga hakibebi mafuta, kwa hiyo hesabu ya Tsiolkovsky haikihusu tena. Tarehe 12 Aprili 2016 tajiri Yuri Milner, akiwa pamoja na Stephen Hawking, alitangaza mradi wa Breakthrough Starshot na kuutengea dola milioni 100 za utafiti. Mpango ulijengwa juu ya kazi ya Philip Lubin wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara: chukua chipu yenye uzito wa gramu chache, ifunge kwenye tanga lenye upana wa mita 4 hivi, kisha ipige kwa leza ya gigawati 100 kutoka ardhini kwa dakika chache. Chombo kitafikia asilimia 20 ya mwendo wa mwanga, yaani kilomita 60,000 kwa sekunde, na kufika Proxima kwa miaka kama 20.

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo. Gigawati 100 za mwanga zikirudishwa zote na tanga hutoa msukumo wa nyutoni 667, sawa na uzito wa mtu wa kilo 68. Nguvu yote hiyo inaishia kuwa msukumo wa mtu mmoja aliyesimama juu ya tanga! Ndiyo maana chombo lazima kiwe cha gramu tu. Kikiwa na gramu 2 pamoja na tanga lake, kitapanda hadi kilomita 60,000 kwa sekunde kwa dakika tatu, na kitabanwa kwa nguvu mara elfu thelathini na kitu ya uzito wake wa kawaida. Chipu zisizo na sehemu zinazotembea zinaweza kuhimili mengi. Tanga je? Likinyonya sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga ule, hiyo peke yake ni megawati 1 ya joto juu ya utando mwembamba kuliko karatasi. Hakuna utando wa namna hiyo uliokwisha kutengenezwa kwa upana wa mita 4.

Na umeme? Mitambo ya umeme ya Inga 1 na Inga 2, kwenye Mto Kongo, kwa pamoja ilijengwa kutoa megawati 1,775. Gigawati 100 ni zaidi ya mara 56 ya hizo. Hata Inga Kubwa inayosemwa miaka yote, ikijengwa yote, haifikii nusu. Sisi tunaoletewa umeme wa Inga kwa waya wa kilomita 1,700 hadi Kolwezi, na bado tunajipangia maisha kulingana na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, tunaijua namba hiyo kwa mwili. Lakini hapa tusiogope bure. Leza haiwaki mwaka mzima. Hata tukihesabu dakika 10 badala ya tatu, gigawati 100 ni kilowati-saa milioni 17 hivi, nishati inayoweza kukusanywa polepole kwenye betri na kutolewa kwa mara moja. Ni betri za magari ya umeme laki mbili na elfu themanini, za kilowati-saa 60 kila moja. Betri nyingi za namna hiyo hutumia kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka kwenye udongo wetu huu. Ni ghali mno, ila si muujiza. Kati ya matatizo yote, la umeme ndilo ninaloona litatatuliwa kwanza.

Vumbi la njiani ni jambo jingine. Kwa kilomita 60,000 kwa sekunde, punje yenye uzito wa sehemu moja ya milioni ya gramu hugonga kwa nishati ya karibu nusu kilo ya TNT. Kwa bahati nzuri punje nyingi zilizo kati ya nyota ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Wahandisi wanapendekeza chombo kijigeuze kiende kwa ubavu, kikiwa na kinga nyembamba mbele, na kwamba vitumwe vingi ili hata vingine vikipotea, vingine vifike. Hilo la kutuma vingi ndilo zuri katika mpango huu: ukishajenga leza, chombo cha pili na cha elfu moja ni bei ndogo.

Tuseme yote yamefaulu. Chombo kinafika, na hakiwezi kusimama. Hakina injini, wala huko hakuna leza ya kukizuia. Mzunguko mzima wa Proxima b una upana wa kilomita kama milioni 15. Kitaupita kwa dakika nne. Umbali ulio sawa na kipenyo cha Dunia kitaumaliza kwa sehemu ya tano ya sekunde moja. Ndani ya muda huo kamera ya milimita chache igeuke, ilenge, ipige, bila amri yoyote kutoka nyumbani. Mwaka 2017 René Heller na Michael Hippke walionyesha kwamba tanga kubwa na jepesi sana linaweza kufunga breki kwa mwanga na mvutano wa nyota za Alpha Centauri, zilizo jirani na Proxima, lakini likiwa linakwenda polepole zaidi. Safari hadi Proxima ingekuwa kama miaka 140. Mtu anachagua: dakika nne baada ya miaka 20, au kukaa huko baada ya karne na nusu.

Sasa turudi kwenye swali la habari. Voyager 1 hutuma kwa redio ya wati 23 hivi na antena ya mita 3.7, na Duniani husikilizwa kwa antena kubwa zilizoko California, Uhispania na Australia, ile kubwa ikiwa na upana wa mita 70. Pamoja na hayo yote, data zake kwa kawaida huja kwa biti 160 kwa sekunde. Novemba 2023 ilianza kutuma upuuzi mtupu. Wahandisi walitafuta kwa miezi, wakagundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, wakaigawanya programu iliyokuwamo na kuihamishia sehemu nyingine za kumbukumbu. Amri waliituma tarehe 18 Aprili 2024, wakasubiri saa 45 kwenda na kurudi, tarehe 20 chombo kikajibu vizuri. Kazi hiyo huwa inanigusa kila ninapoisoma. Lakini kwa Proxima, swali moja na jibu lake ni miaka minane na nusu.

Na chombo cha gramu hakiwezi kubeba antena ya mita 3.7. Tukipe ukarimu: leza ya wati 1, lenzi ya sentimita 10, shabaha isiyokosea. Mwale wake ukifika kwetu utakuwa umetanuka hadi upana wa kilomita milioni 400, kuliko mzunguko mzima wa Dunia kuzunguka Jua. Darubini kubwa kuliko zote, ile ya mita 39 inayojengwa Chile, ingepata fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, kila baada ya sekunde 25. Tukikadiria biti moja kwa fotoni moja, picha ndogo ya kilobaiti 100, kama zile tunazotumiana kwenye WhatsApp, ingechukua miezi saba na zaidi kufika. Wakati wote huo fotoni hizo zichambuliwe kutoka kwenye mng'ao wa nyota yenyewe iliyo nyuma ya chombo.

Wati 1 itatoka wapi? Nyota imeshapitwa, mwanga wake unafifia haraka. Plutoni 238, inayoiendesha Voyager, hutoa joto la nusu wati kwa kila gramu, na kifaa cha kugeuza joto kuwa umeme hupata asilimia chache tu ya hilo. Ukitaka wati 1 ya umeme utahitaji gramu makumi, na chombo kizima kilipaswa kuwa gramu chache. Unaweza kuhifadhi umeme na kutuma kwa mapigo mafupi yenye nguvu, na wataalamu wanafikiria njia hiyo pamoja na kutumia tanga lenyewe kama kioo cha kulenga, na kujenga huku nyumbani uwanja wa vipokezi wenye upana wa kilomita. Hayo yanaboresha hesabu, tena sana. Ila ukiyaweka yote mezani, utaona kwamba kusukuma chombo kuna njia inayoonekana, ilhali kukisikia kunahitaji vitu kadhaa ambavyo hakuna hata kimoja kilichojaribiwa kwa kiwango hicho. Kwa hiyo nikiulizwa kama inawezekana, nasema kufika kunawezekana ndani ya karne hii watu wakiamua. Kupata picha ya maana kutoka huko ni kazi kubwa kuliko ile inayotangazwa.

Kuna njia nyingine, na mimi ningeweka fedha zangu huko kwanza. Jua hupinda mwanga unaopita kando yake, jambo ambalo Einstein alilieleza. Mwanga wa sayari ya mbali, ukishapindwa hivyo, hukutana upande wa pili kuanzia umbali wa mara 550 ya ule ulio kati ya Dunia na Jua. Darubini ya kawaida ya mita moja ikiwekwa huko italitumia Jua zima kama lenzi. Slava Turyshev na wenzake wa Jet Propulsion Laboratory wamepiga hesabu kwamba ingeweza kuchora uso wa sayari kama Dunia iliyo umbali wa miaka ya nuru 100 (umbali ambao mwanga huupita kwa miaka 100), ikisogea kidogo kidogo na kukusanya sehemu moja ya picha baada ya nyingine. Kufika huko kwa miaka 25 kunadai kilomita 104 kwa sekunde, mara sita ya Voyager, na tanga linalopita karibu na Jua linaweza kukaribia mwendo huo. Ishara zake zingefika kwetu kwa siku tatu na ushei.

Kasoro yake ni moja kubwa: darubini hiyo lazima ikae upande ulio kinyume kabisa na nyota inayolengwa, kwa hiyo kila chombo kinatazama nyota moja tu maisha yake yote. Ukikosea kuchagua, miaka 25 imekwenda bure. Kwa sababu hiyo kazi ya kuchagua, ile inayofanywa sasa na darubini ya angani ya James Webb na itakayofanywa na darubini ya Chile, ni sehemu ya safari. Proxima b yenyewe si chaguo lililo wazi, maana nyota yake hulipuka vibaya. Machi 2016 ilimulika ghafla kiasi ambacho ingeweza kuonekana kwa macho kwa muda mfupi. TRAPPIST-1 ina sayari saba, lakini iko miaka ya nuru 40. Orodha nzima ya sayari zilizothibitishwa, pamoja na data za TESS, setilaiti inayotafuta sayari, iko wazi mtandaoni bila malipo, na sayari kadhaa zimegunduliwa kwa msaada wa watu wa kawaida waliokaa kutazama mistari ya mwanga kwenye kompyuta zao. Wanafunzi wa hapa wanaouliza swali lile wanaweza kuanzia hapo: wachukue nyota zilizo ndani ya miaka ya nuru 30, waondoe zile zinazolipuka ovyo, kisha waone ni zipi zinazobaki.